Kuunda si kuunganisha: jinsi tulivyookoa sauti zetu

Masimulizi ya Kisanga na Kihemba tuliyorekodi vijijini yalihifadhiwa kwenye diski nne za kompyuta moja ya Linux, zilizopangwa kwa mfumo wa RAID 5. Mfumo huo hugawa data kwenye diski zote pamoja na hesabu za ziada, hivyo diski moja ikifa, tatu zinazobaki hukokotoa kilichopotea. Zikitoka mbili, safu yote husimama. Ndivyo ilivyokuwa kwetu siku umeme ulipokatika na kurudi ghafla. Baadhi ya wasimulizi wamekwisha kufariki. Hatungeweza kuwarekodi tena.

Mwenzangu alitaka kuandika papo hapo mdadm --create. Nilimshika mkono. Sisi wanaisimu tunajua uzito wa kitenzi. Kitenzi --create ni kuunda: huandika utambulisho mpya juu ya ule wa zamani, na mpangilio wa diski ukikosewa, data hubaki kama maneno ambayo silabi zake zimevurugwa. Kitenzi --assemble ni kuunganisha: husoma utambulisho uliopo na kurudisha kila diski mahali pake.

Kwanza tulisoma tu. Amri mdadm --examine huonyesha nafasi ya kila diski na hesabu yake ya matukio, yaani ilifuatana na nyingine hadi wapi. Mbili zilikuwa na 48210, ya tatu 48206, ya nne 31977. Kumbe ya nne ilitoka siku nyingi bila mtu kuona! Ya tatu iliachwa nyuma hatua chache tu.

Pili, tulinakili zile tatu kwa ddrescue kwenye diski mpya, kisha tukachomoa za asili, maana nakala hubeba utambulisho uleule na mfumo ungeweza kuzichanganya.

Tatu, tukiwa na nakala pekee, tulisimamisha safu kwa mdadm --stop, tukaiunganisha kwa mdadm --assemble --force tukitaja hizo tatu tu. Ya nne ingeleta data iliyopitwa na wakati. Tulikagua kwa fsck -n, ambayo haisahihishi kitu, tukafungua kwa kusoma tu na kuhamisha sauti.

Faili mbili hazikufunguka. Nyingine zote zinasikika. Somo ni kwamba RAID hustahimili kufa kwa diski, lakini haichukui nafasi ya nakala ya akiba. Sasa tunayo nakala katika jengo lingine, na kila Jumatatu mmoja wetu husoma /proc/mdstat.