Mraba Hulala, Pembetatu Hukataa

Ukipita Keko, mtaa wa mafundi samani jijini Dar es Salaam, sauti ya randa na msumeno hukupokea kabla hujaona kiti. Vitanda na makabati hupangwa mbele, mnunuzi avione. Nyuma, karakanani, hubaki vipande vya mbao vya urefu wa kiganja ambavyo fundi hana hesabu navyo. Vingi huishia kuwashia moto. Kwa macho yangu ya uhandisi, hilo ni darasa linaloungua.

Mpe mtoto vijiti vinne kutoka kwenye mabaki hayo avifunge kwenye kona kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, apate mraba. Akiusukuma kwa kidole, unalala. Hakuna kijiti kilichovunjika wala fundo lililofunguka. Ni pembe tu zimehama, kwa sababu urefu wa pande nne hauzizuii. Sasa aongeze kijiti cha tano, cha mshazari. Mraba umegeuka pembetatu mbili, na pembetatu haibadili umbo mpaka upande wake mmoja urefuke, ufupike au ukatike. Ndiyo maana kenchi ya paa haikosi mbao za mshazari, na kiti kinachoyumba hupigiwa kipande kwenye kona.

Mmarekani Buckminster Fuller, aliyezaliwa 1895, alisimulia kwamba katika chekechea yao walipewa vijiti vya meno na njegere wajenge. Wenzake walijenga vijumba vya mraba, kama nyumba walizozoea kuziona. Yeye alikuwa haoni vizuri, hana miwani. Akapapasa na kusukuma, vidole vikamwonyesha umbo lisilolegea. Alipokuwa mtu mzima, pembetatu hizo ndizo alizosanifia kuba kubwa la maonyesho ya Montreal ya 1967.

Walimu wetu wana neno lao zuri, kufaragua: kutengeneza zana za kufundishia kwa kilichopo. Tatizo ni kwamba mara nyingi anayefaragua ni mwalimu; zana ikikamilika hupangwa kwenye kona, na mtoto huambiwa asiiguse. Faida ya taka inapotelea hapo. Hakuna atakayemwachia mtoto wa darasa la tatu ubao wa mninga aukate vibaya, lakini kipande cha bure kinaruhusu kukosea, hata mara kumi.

Faida ya kukosea inaonekana katika zoezi alilolieneza mtaalamu wa ubunifu Tom Wujec, la kujenga mnara kwa tambi kavu 20, utepe na uzi, ndani ya dakika 18, kileleni ikae pipi laini. Alieleza kwamba watoto waliotoka chekechea karibuni huwashinda wahitimu wapya wa shule za biashara. Wakubwa hupanga na kugombea uongozi, pipi huipandisha dakika ya mwisho, mnara ukalala. Watoto huanza na pipi, huangusha, hujenga tena.

Ushirikiano nao hauhitaji hotuba. Mnara unaomfika mtoto kifuani haushikiki na kufungika kwa mikono miwili: mmoja ashike, mwingine akaze, wa tatu asimame mbali aseme umeinama. Wanne wanatosha, wakiwa kumi, sita ni watazamaji.

Kabla ya kuanza, mkubwa ang'oe misumari kwenye vipande, na makopo ya thina na vanishi yasiguswe hata yakioshwa. Kipimo cha mnara kiwe chupa ya maji ya nusu lita, iwekwe juu kabisa. Ikibebeka, leteni ya lita moja na nusu.