Kikuubo yahesabu kila katoni. Na kura nani anahesabu?

KAMPALA. Mzigo hauondoki Kikuubo kwa neno la mdomo. Mwenye duka anahesabu katoni zikitoka stoo, kijana wa mteja anazihesabu tena zikipakiwa, kisha stakabadhi inaandikwa na kila upande unabaki na nakala yake. Aliyetoka Juba, Goma au Busia anajua kwamba sabuni ikipungua mpakani, karatasi ndiyo itakayomtetea.

Jina Kikuubo kwa Kiganda ni uchochoro, na ndivyo palivyo: njia nyembamba ya maduka ya jumla, wapagazi wakipigiana kelele mpishane. Vijana wa hapa wanaojitolea kuwa mawakala vituoni siku ya uchaguzi huenda kufanya kazi ileile waliyoizoea, ila safari hii bidhaa ni kura.

Sheria ya Uganda inampa kila mgombea nafasi ya mawakala wasiozidi wawili kwa kituo. Wakala anafika kabla ya saa moja asubuhi, anaona sanduku likifunuliwa tupu na kufungwa, kisha anafuatilia majina kwenye daftari. Malipo yake mara nyingi ni posho ya chakula, au shukrani tu.

Kazi yenyewe hasa huanza saa kumi jioni, wakati mwili umeshachoka. Kura zinahesabiwa palepale kituoni, mbele ya watu, moja baada ya nyingine. Idadi inaandikwa kwenye fomu ya kutangaza matokeo, ambayo wengi hapa huiita DR. Msimamizi anasaini, mawakala wanasaini, na wakala anaondoka na nakala. Aliyekwenda kula saa kumi na moja na kurudi usiku amekaa kutwa nzima juani bure.

Uchaguzi wa 15 Januari 2026 ulionyesha uzito wa karatasi hiyo. Mashine za kutambua alama za vidole ziligoma katika vituo vingi, upigaji kura ukachelewa, na Tume ya Uchaguzi ikaelekeza daftari la karatasi litumike. Intaneti ilikuwa imezimwa tangu jioni ya tarehe 13, kwa hiyo picha ya fomu haikuweza kutumwa. Ilibidi fomu isafiri kwa mkono wa mtu, kama mzigo. Mwaka 2021 nako, programu ya simu ambayo chama cha NUP kiliandaa kukusanya fomu ilikwama kwa sababu hiyohiyo. Wafanyabiashara nao wanakumbuka 18 Februari 2016, siku ya kupiga kura, pesa za simu ziliposimama.

Kabla ya Januari kulikuwa na mvutano: upinzani ukiwataka wapiga kura wabaki karibu na kituo kulinda kura, wakuu wa serikali wakisema piga kura urudi nyumbani. Kwa maoni yangu, ubishi huo wa nani asimame wapi uliwasahaulisha wengi kiti kilichomo ndani ya kituo, ambacho sheria imekiweka wazi. Si kiti salama kila mahali, lakini. NUP ilidai mawakala wake walikamatwa au kufukuzwa vituoni. Kijana anayeajiriwa kwa siku uchochoroni hapa ana sababu ya kufikiri mara mbili.

Mahakamani karatasi ndiyo inayotakiwa. Mwaka 2006 majaji wa Mahakama ya Juu ya Uganda walikubali kwamba sheria ilikiukwa, lakini kwa kura 4 dhidi ya 3 wakakataa kufuta matokeo ya urais, wakisema haikuthibitika kwamba makosa yaliathiri matokeo kwa kiwango kikubwa. Kenya, 1 Septemba 2017, matokeo yalifutwa, na fomu za vituo na namna zilivyosafirishwa zilikuwa kiini cha kesi. Mwaka 2022 tume ya huko iliweka mtandaoni fomu za vituo vyake zaidi ya 46,000, na mwenye simu na subira akajumlisha mwenyewe.

Wewe Mkongo, Mkenya au Msudan Kusini mwenye duka hapa huna kura Uganda, wala huwezi kuwa wakala. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limekuruhusu kufanya biashara, si kupiga kura. Lakini kijana wako wa stoo aliyejiandikisha kijijini anahitaji siku ya kwenda, siku ya kituo na siku ya kurudi. Sikukuu ya uchaguzi ni moja tu. Mwajiri anayemlipa siku hizo tatu bila kumkata amefanya la maana.

Kenya itapiga kura 10 Agosti 2027. Wenye maduka Kikuubo waliojiandikisha upande wa pili wa Busia wapange mizigo yao mapema. Siku hiyo ni Jumanne.