Bei hupangwa wapi: dukani au kiwandani?



Wilaya ya Kilosa ina viwanda vya sukari, vikiwemo Ruembe, cha Kampuni ya Sukari Kilombero, na Mbigiri, cha Mkulazi, kilichozinduliwa Agosti 2024. Lakini muuza duka wa Mikumi, pamoja na ujirani huo, hapangi bei ya sukari. Mwenye kiwanda ndiye hupanga bei ya kutokea kiwandani, huteua wasambazaji na huamua kiasi cha kutoa. Muuza duka huongeza nauli na faida yake ndogo tu. Zipo hata bidhaa ambazo bei yake huchapwa kabisa na mtoaji, kama gazeti na vocha ya simu. Muuzaji hubakiwa na kamisheni.

Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilipunguza uzalishaji, sukari ikaadimika. Januari mwaka huo serikali ikatangaza bei elekezi ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, lakini sehemu nyingi bei ilivuka hapo. Lawama zikamwangukia mwenye duka.

Je, dini yasemaje? Anas bin Malik (R.A.) amepokea kuwa bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie, naye akakataa, akichelea kumdhulumu yeyote (Abu Daud na Tirmidhi). Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, alifafanua kuwa hukumu hiyo ni pale bei inapopanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa wanunuzi. Ama bidhaa ikiwa mikononi mwa watu maalumu tu, ambao hapana mwingine aruhusiwaye kuiuza, ni wajibu walazimishwe kuuza kwa bei ya haki.

Kwa hiyo mvua ni kadari, bali kufungia mifuko ghalani ni dhulma. Anayeshika mlango wa bidhaa ndiye wa kuulizwa kwanza: kiwanda, kisha msambazaji. Kumtoza faini mwenye duka aliyenunua kwa bei ghali, na kumwacha aliyemuuzia, si uadilifu. Naye mwenye duka asijifiche nyuma ya kiwanda: akificha mifuko stoo akingoja bei ipande, ameingia katika dhambi ile ile.

Wallahu a'alam.