Je, Wajua? Kibaba cha Tele, Kibaba cha Mfuto

Je, wajua kwamba kikombe kilekile cha mililita 250 hubeba maji gramu 250, mafuta ya kupikia kama 230, mchele kama 200, na asali gramu 350 hivi? Ndiyo maana dumu la mafuta la lita 5 halifiki kilo 5; mafuta yenyewe yana kama kilo 4.6.

Je, wajua kwamba unga ndio msumbufu kuliko vyote? Uchote kwa kijiko, uudondoshe kikombeni taratibu: gramu 125 hivi. Kizamishe kikombe chenyewe kwenye mfuko: unga unashindiliwa, unafika 150 na kupita. Kwa maandazi ya vikombe vinne, tofauti ni gramu 100 au zaidi, karibu kikombe kizima ambacho hukukikusudia. Kisha tunalaumu hamira.

Je, wajua kwamba watu wa pwani walikwishalitambua jambo hili, wakalipa na majina? Kibaba cha tele kilijazwa mpaka nafaka ikafanya kichuguu juu. Kibaba cha mfuto kilifutwa, kikawa sawa na ukingo. Aliyenunua mchele bila kuuliza tele au mfuto alikuwa bado hajajua bei. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi sita za nafaka zilihesabiwa kuwa frasila moja, karibu kilo 16. Pishi ni ujazo, frasila ni uzito, na hesabu hiyo ilikubali kwa nafaka tu. Sijaona maneno mazuri zaidi ya mapishi kuliko haya mawili, tele na mfuto, na ingefaa yarudi kwenye vitabu vyetu vya upishi.

Je, wajua kwamba lumbesa ni tele ileile, ila hapa anayeumia ni mkulima? Gunia la viazi au vitunguu linajazwa, linaongezewa kichwa juu na kushonwa, kisha analipwa bei ya gunia moja. Mizani ingemaliza ubishi huo shambani kwake.

Je, wajua kwamba zaka ya fitri ni pishi moja, yaani kipimo cha ujazo? Pishi ya mchele na pishi ya tende hazina uzito mmoja, ndiyo sababu utasikia kilo zikitajwa tofauti, kati ya 2 na 3.

Je, wajua kwamba Mmarekani Fannie Farmer, katika kitabu chake cha upishi cha mwaka 1896, alisisitiza vikombe na vijiko vya kusawazishwa juu kwa kisu? Mfuto, kwa lugha yetu. Lakini kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi, si 250.

Kijiko cha chakula? Mililita 15 kwa wengi, 20 kwa Australia.

Chumvi? Kijiko cha chai cha chumvi laini kina gramu 6 hivi. Cha chumvi ya mawe kina pungufu, kwa kuwa kati ya punje na punje pana nafasi. Ladha ya mchuzi hufuata gramu, haifuati kijiko.

Je, wajua kwamba mwaka 1795 Wafaransa waliipima gramu kwa maji: sentimita moja ya ujazo ya maji, uzito wake ukawa gramu moja? Hilo linakupa njia ya kukijua kikombe chako cha nyumbani. Kiweke kitupu kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, kijaze maji hadi ukingoni. Ikisoma gramu 300, kikombe chako ni cha mililita 300, na kila mapishi uliyoandikiwa ya "kikombe kimoja cha unga" umekuwa ukiyazidishia kwa moja ya tano.