Je, Wajua? Kopo la Shabaha Lina Bei

Vijana wa Kibondo na Kasulu hulenga makopo matupu kwa manati ya mpira wa tyubu.

Kopo likishapondeka huuzwa kwa kilo. Mnunuzi wa chuma chakavu hulijaribu kwa sumaku: likinasa, ni chuma. Aluminiamu hainasi, huyeyuka kwa nyuzijoto 660 na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga, ikawa sufuria. Springi kuukuu za gari nazo huenda kwa wahunzi, wakafua mapanga.

Lakini si kila chuma ni cha kuokotwa. Novemba 2017, bomu la mkono lililodhaniwa kuwa chuma chakavu liliua wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga, Ngara. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, waite polisi.