Kumtafuta Msafiri wa Machimboni

Tuseme mgeni mwenye kamera ameshuka leo katika stesheni ya Shinyanga, akauliza: "Nionyesheni watu waliokaa safarini miaka mingi, nipate kutengeneza filamu ya maisha yao." Hapana shaka wengi wetu tutaona kwamba haja yake ni nyepesi. Nchi hii ni ya wasafiri tangu kale. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walichukua mizigo ya misafara mpaka pwani, na kijana aliyekwisha kuiona bahari alirejea kwao na heshima yake. Hata sasa mgeni huyo hana haja ya kwenda mbali. Na apande gari la Kahama, ashike njia ya Kakola, kisha aingie Mkoa wa Geita mpaka Nyarugusu, Rwamagasa na Katoro. Hatakosa kumkuta mtu aliyeaga kwao kwa miezi mitatu, akaifuata dhahabu, na sasa mwaka wa kumi unakwisha hajarudi.

Lakini kumwona msafiri si kumpata. Na kumpata pia si kupewa ruhusa ya kuionyesha sura yake kwa walimwengu. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wanaotengeneza filamu za mambo ya kweli, na zaidi kwa ajili ya nyumba zenye mwana, mume au ndugu huko machimboni. Maana siku kamera itakapomfikia mtu huyo, nyumba yake nayo itaonekana, ingawa haimo katika picha.

Safari isiyo na mwisho wake

Dhahabu ya Geita haikuanza kuchimbwa jana. Mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Baina ya nyakati hizo mbili, khasa katika miaka ya 1980 na 1990, maelfu ya wachimbaji wadogo walienea katika nchi ya Usukuma na Usumbwa. Kule Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama, wachimbaji hao waliamriwa kuondoka mwezi wa Agosti 1996 ili kuipisha kampuni yenye leseni. Watu waliokuwa wamekwisha kujenga vibanda na kufungua maduka wakatawanyika, kila mmoja akaenda aliposikia pana riziki.

Basi hiyo ndiyo desturi ya maisha yale. Likitajwa jina la mahali papya penye dhahabu, watu hukimbilia huko, na wenyewe huliita jambo hilo rashi. Katika siku chache pori hugeuka mji wa maturubai. Maduara huchimbwa, makarasha husaga mawe usiku na mchana, na mama lishe hutenga mafiga yao. Kisha mawe yenye dhahabu yanapungua, au mvua inayajaza maduara maji, au mwenye leseni anadai eneo lake; na watu wale wale wanafunga virago. Leo wako Geita, kesho wako Londoni ya Singida, kesho kutwa wako Chunya katika Mkoa wa Mbeya. Msafiri wa biashara anajua mji anaokwenda na siku atakayorudi. Huyu wetu hajui hata kimoja.

Tena iko sababu nyingine inayomzuia, nayo ni haya. Aliondoka nyumbani akiahidi bati la nyumba, au mahari, au ada ya skuli ya mdogo wake. Atarudije mikono mitupu? Husema moyoni mwake, "Ngoja nipate kidogo, ndipo niende." Mwaka unapita. Simu inauzwa au inaibiwa, namba inapotea, na mama yake hajui tena kama yu hai ama amekufa.

Wala khofu ya mama huyo si ya bure. Mwezi wa Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, katika Wilaya ya Kahama, likawafunika wachimbaji. Watano kati yao walitolewa hai mwezi wa Novemba, baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41, ilhali watu walikwisha kukata tamaa. Mwenzao mmoja alikuwa amekwisha kufa humo humo. Ikiwa waliojulikana walipo walihesabiwa kuwa maiti na kumbe wahai, je, yule ambaye jamaa zake hawajui hata yuko mkoa gani?

Pa kuanzia

Mwenye filamu aghlabu huanza machimboni, kwa kuwa ndiko kwenye vumbi na kelele na mambo ya kupendeza machoni. Kwa maoni yetu hapo ndipo anapokosea njia. Lau angeanza nyumbani, katika vijiji vya Shinyanga ambako watu wanangoja, angepata mambo mawili kwa mara moja: angejua ni nani kweli aliyekawia safarini, na angejua kukawia kwake kumegharimu nini.

Tumkumbuke Ibn Batuta, ambaye jina lake halisahauliki katika khabari za wasafiri. Aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka 1331 alifika katika pwani yetu, akaiona Mombasa na Kilwa. Alipoirudia nchi yake mwaka 1349, baba yake alikuwa amekufa miaka mingi nyuma, na mama yake naye alikwisha kuchukuliwa na tauni kabla mwanawe hajafika. Ndipo Sultani Abu Inan wa Fez alipoamuru khabari za safari zake ziandikwe, naye akazisema kwa ulimi wake mbele ya mwandishi Ibn Juzayy, mpaka kazi ikamalizika mwaka 1355. Hatukusudii kusema kwamba kila mchimbaji ni Ibn Batuta. Tunalotaka lionekane ni kwamba msafiri yule alikaa, akatulia, akachagua mwenyewe la kusema na la kunyamazia. Aliyechukuliwa picha akitoka shimoni, ana tope usoni na pumzi hazijamrudia, hakupata nafasi hiyo.

Mwenye kutafuta akiisha kutoka vijijini, ndipo aende machimboni, na huko asianze na mwenye duara. Aanze na mama lishe. Mwanamke huyo hulisha watu kwa mkopo, kwa hiyo sharti ajue nani ametoka wapi, nani amekaa siku nyingi, na nani husema kila mwezi kuwa ataondoka wala haondoki. Aghlabu yeye mwenyewe ni msafiri wa miaka mingi, amehama na sufuria zake kutoka rashi hii hadi ile, na hapana mtu aliyemwuliza khabari zake. Wako pia wanawake waponda mawe, na wako waosha mchanga wa marudio mialoni. Filamu itakayowaonyesha wanaume peke yao itakuwa imesimulia nusu ya safari.

Ruhusa iliyo ruhusa

Sasa tuje kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Mchimbaji wa duara hana mshahara wa mwezi. Mwenye duara humlisha wakati wa kuchimba, na mawe yakipatikana ndipo hugawana: fungu la mwenye eneo, fungu la mwenye duara, na fungu la wachimbaji. Maadam mawe hayajapatikana, mchimbaji anakula chakula cha mtu mwingine. Mgeni mwenye kamera akiongozana na mwenye duara, naye mwenye duara akasema, "Vijana, huyu bwana anataka kuwapiga picha, hamna neno?", ni nani atakayethubutu kukataa? Wote watasema ndiyo. Lakini ndiyo hiyo wamempa anayewalisha, si mgeni.

Kwa hiyo ruhusa iombwe faraghani, mbali na shimo, mtu akiwa ameoga na amekula. Iombwe kwa lugha anayoielewa sawasawa, na kama ni Kisukuma basi iwe Kisukuma. Aelezwe filamu itaonyeshwa wapi, na kwamba siku hizi ikionyeshwa Ulaya jioni, asubuhi itakuwa katika simu za watu wa Katoro. Aelezwe kuwa mkewe ataiona, na aliyemkopesha pesa ataiona, na askari wataiona ikiwa eneo lile halina leseni. Kisha apewe siku za kufikiri, aulizwe tena. Akisema "sura yangu msiionyeshe", iwe mwisho wa maneno.

Hayo si adabu tupu. Wageni wanaotaka kupiga filamu katika Tanzania hutakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Filamu, na iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Lakini kibali cha serikali humpa mgeni njia ya kuingia nchini tu. Mlango wa maisha ya mtu hufunguliwa na mwenyewe.

Watu huuliza pia mintarafu ya malipo. Ukimlipa mtu kwa kisa chake, kesho watakuja kumi wenye visa vya kutunga. Lakini ukimtoa shimoni siku nzima usimpe kitu, umemla fungu lake. Iliyo haki ni kumlipa siku yake ya kazi aliyoikosa, sawa sawa kwa kila mtu, awe ana kisa cha kuliza au cha kawaida. Kisa kisitiwe bei.

Filamu mbili

Mwaka 2004 ilitoka filamu iitwayo Darwin's Nightmare, ya bwana Hubert Sauper, juu ya samaki aina ya sangara na maisha ya watu wa Mwanza. Ilisifiwa sana ng'ambo, ikapendekezwa kwa tuzo kubwa ya Marekani. Lakini hapa kwetu, mwaka 2006, Rais Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana Mwanza. Hatutaki hapa kuhukumu nani alikuwa na haki. Tunatazama jambo moja tu: mwenye kamera alikuwa amekwisha kuondoka, na ghadhabu yote ikawaangukia waliobaki. Mwandishi mmoja wa khabari aliyezungumza katika filamu ile aliingia matatani, mpaka uraia wake ukatiliwa shaka.

Filamu ya pili ni In the Shadow of the Sun, ya bwana Harry Freeland, iliyotoka mwaka 2012. Tunajua balaa lililowapata watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa uongo wa waganga walioahidi bahati ya dhahabu na ya samaki. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto mmoja. Katika wakati wa khofu kama huo Bwana Josephat Torner, naye mwenye ualbino, alikuwa akisafiri kijiji hadi kijiji kusema na watu uso kwa uso, hata mahali ambapo yamkini wauaji walikuwamo katika wasikilizaji. Bwana Freeland alifuatana na khabari hizo miaka 6. Msafiri huyu aliijua khatari yake kuliko mpiga picha, alikuwa na neno lake la kusema, na safari ilikuwa yake mwenyewe kabla kamera haijafika.

Tofauti ya mifano hii miwili inatosha kuwa mizani. Mwenye kutafuta msafiri na ajiulize: nikiondoka na kamera yangu, mtu huyu atabaki na nini?

Neno kwa walio nyumbani

Nanyi wazazi na wake mnaongoja, msiifanye filamu kuwa adui. Wako waliokwisha kuonekana na jamaa zao katika picha baada ya kunyamaza muda mrefu, na picha hiyo ikawa salamu ya kwanza. Akija mtu kuuliza khabari za mwanenu, mwulizeni kwanza yeye ni nani, na filamu ni ya nani, na kama atarudi kuwaonyesha kabla ya kuwaonyesha wengine. Akijibu vema, mweleze huyo kijana alikuwa mtu gani alipoondoka. Na mkimpa ujumbe ampelekee, uwe mfupi, usiwe na lawama. Si lazima umtajie bati wala mahari. Mwambieni tu kwamba mlango haukufungwa, na kwamba mikono mitupu nayo hupokewa.

Huenda mgeni akazunguka Geita mwezi mzima, asipate picha hata moja ya kuonyesha katika senema. Lakini akiwa ameufikisha ujumbe huo kwa mtu mmoja, na mtu huyo akashika njia ya Shinyanga, hatutasema kwamba safari yake ilikuwa bure.