Salamat ni Salama: Siku Moja Matabungkay na Mbogi ya Jobo

Shifti yetu huisha saa kumi na mbili asubuhi. Jobo iko Makati, ndani ya Metro Manila, na venye tunashikanga simu za wateja wa Marekani, usiku wetu ndio mchana wao. Siku zingine tukitoka hapo kila msee anakimbilia keja kulala. Hiyo Jumamosi ya Februari hakuna mtu aliwaza kitanda. Tulishuka na lifti tukiwa kumi na mbili, macho nyekundu, tukaingia kwa vani ilikuwa inatungoja hapo chini. Form ilikuwa bahari: Matabungkay, ufuo uko pale Lian, mkoa wa Batangas, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Doo tulikuwa tushachanga. Wafilipino huita ambagan, na ni mchango tu kama ile ya mtaani: kila mtu anaweka peso mia nane, mmoja anashika. Zetu zilishikwa na Ate. Ate maana yake ni dada mkubwa. Mwanaume akikuzidi miaka, huyo ni Kuya. Huwezi kuita mtu mkubwa jina tupu huku, vile tu huwezi kuingia kwa kina beshte yako ukaite mathe wake jina ya kitambulisho. Na ukibonga na wao unaweka "po", kaneno kadogo ka heshima. Hiyo "po" niliishika kabla nishike kitu ingine yoyote.

Niliishikia ndani ya jepni. Mimi ni mtoi wa Umoja, Nairobi, nimelelewa na mathree, najua nganya ikipita kwa mlio wa honi peke yake. Jepni zilianza na jipu za jeshi la Marekani zenye zilibaki Ufilipino baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mafundi wakazirefusha, wakaweka viti viwili virefu vinaangaliana, wakazipiga rangi na michoro, watakatifu hapa, majina ya watoto wa mwenye gari pale. Mtu wa nganya hapo anaelewa bila kuambiwa. Chenye kilinimaliza ni nauli. Jepni mob hazina makanga. Msee wa nyuma anatoa sarafu, anasema "Bayad po", anampea mwenye amekaa mbele yake, huyo anapitisha kwa anayefuata, mkono kwa mkono hadi kwa dere. Chenji inarudi na njia hiyo hiyo. Mikono saba za watu hawajuani, na chenji yako inakufikia. Wiki yangu ya kwanza msee wa jobo alikuwa amekaa kando yangu akaniwekea sarafu za mtu mwingine kwa kiganja, akanionyesha na kidevu: pitisha. Tangu siku hiyo sijawahi kujiona mgeni kabisa kwa huo mji.

Barabara ya Lian inapanda kwanza Tagaytay. Huko juu hewa ni baridi, na ukicheki chini unaona ziwa la Taal na volkano imekaa katikati yake. Kama ushawahi simama pale juu ya Mai Mahiu ukacheki Longonot na bonde lote limelala miguuni mwako, unajua hiyo fili. Hii ya Taal ililipuka tarehe 12 Januari 2020, majivu yakapeperuka hadi Manila. Manzi mmoja kwa mbogi yetu kwao ni hapo karibu. Alituambia vile shosho yake alifagia mabati siku tatu mfululizo, akihofia uzito wa majivu utaangusha nyumba. Alikuwa anaongea polepole, na vani yote ilinyamaza.

Tukapiga kahawa hapo, kapeng barako, nyeusi na kali ile mbaya. Hiyo ni kahawa ya aina ya Liberika, na mti wake asili yake ni Afrika Magharibi. Batangas iliwahi tajirika nayo, hasa mji wa Lipa, hadi kutu ya majani ikamaliza mashamba miaka ya mwisho ya 1880. Nilishika kikombe na mikono zote mbili. Kitu ya bara yetu ilikuwa imefika huku kitambo kabla yangu.

Saa nne hivi tukafika. Sasa Matabungkay ina kitu sijaona Diani wala Watamu: balsa. Ni rafti ya mianzi, ina paa ya makuti, ina meza na viti virefu, imetiwa nanga mbali kidogo na ufuo. Mnakodisha moja, mnavutwa hadi huko, na siku yenu yote mnaishi juu ya maji. Vyombo vinafuata: sufuria ya wali, boksi la barafu lenye nyama na samaki, chupa za siki, majani ya ndizi yamekunjwa kama magazeti. Kupika nyumbani ukabeba huitwa baon, na Ate alikuwa amepika kabla ya shifti.

Mzae mwenye alituvuta alikuwa na bangka, mtumbwi mwembamba una mbawa za mianzi pande zote mbili. Mimi nikaganda. Hiyo ni ngalawa, maze! Wazee wa Pwani yetu wanavua nazo hadi leo. Wasomi wanasema huo ufundi wa mbawa uliletwa na mabaharia wa visiwa vya huku, ndugu za wale walivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wakaishi Madagaska. Nikamuuliza mzae upepo unatoka wapi. Akasema amihan, ule wa kaskazini-mashariki, ndio maana maji yametulia upande huu. Ukifika wa kusini-magharibi, habagat, bahari inachafuka na mvua inashuka. Kaskazi na kusi, basi. Upepo wa msimu ule ule wenye ulileta majahazi Lamu na Mombasa, huku una majina yake.

Wasee wa Manila walikuwa wanamwiga anavyoongea, "Ala eh!", ju Kitagalogi cha Batangas kina mdundo wake. Lakini wao wenyewe wanakubali kwamba hapa ndio lugha iko nzito, haijachujwa. Ni vile sisi wa Nai tunasikianga mtu wa Mombasa akifungua mdomo.

Saa sita Ate akafunua ndoo. Ndani kulikuwa na tanigue, samaki mwenye sisi tunaita nguru, amenunuliwa asubuhi hiyo hapo ufuoni. Akamkata vipande vidogo kama dadu, akamwaga siki yenye hutoka kwa tembo la mnazi lililochacha. Nyama ilikuwa ya pinki na inang'aa. Ndani ya dakika chache ikaanza kuwa nyeupe kutoka kingo kuelekea katikati, bila moto. Akaweka tangawizi, kitunguu, pilipili za labuyo zile ndogo, akakamua kalamansi, ndimu saizi ya gololi. Hiyo ndio kinilaw. Ukiitia mdomoni unapata uchachu, moto wa pilipili, halafu bahari yenyewe. Ndugu wa kachumbari, lakini huyu amezaliwa na samaki.

Halafu akapaza sauti: "Sabon!" Nikampitishia sabuni kabla mtu anitafsirie. Wote wakanicheki. Akaonyesha mahali pa kutandaza majani: "Sa mesa." Nikayabeba nikaweka mezani. Hapo stori ikabadilika, kila mtu akaanza kutafuta maneno. Bendera kwao ni bandila. Asante ni salamat, na ilitoka Uarabuni ikapitia Umalayani, mzizi mmoja na salama yetu. Sabuni sisi tulipewa na Waarabu, Wafilipino wakapewa na Wahispania. Meza tulipewa na Wareno. Na cheki hii: mwaka wa 1593 Wareno wakianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, Ureno na Uhispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Felipe, na ni jina la huyo huyo Felipe visiwa hivi vilipewa. Mdosi wetu, mwenye jobo hunipimia kila simu kwa sekunde, aliniomba nirudie hiyo mara mbili. Akakaa akiangalia maji. Akasema, pole pole, kwamba shule hakuna mtu aliwahi kumwambia Mombasa iko kwa hiyo hadithi.

Tukala kamayan. Kamay ni mkono. Wali katikati ya majani kama kilima, nyama ya tumbo la nguruwe iliyochomwa, mabilingani, embe mbichi na bagoong, ule uduvi wa kuchachushwa na chumvi, wote tumesimama bega kwa bega, hakuna sahani, hakuna kijiko. Mimi wa ugali sikuhitaji somo, ila wao husukuma wali mdomoni kwa kidole gumba, na nikajifunza hiyo.

Tukishiba, mayut wakaanza kunipea lugha ya mtaa wao. Gari ni kotse, wakageuza ikawa tsikot. Tigas ni ugumu, wakageuza ikawa astig, mtu noma. Idol ya Kizungu ikageuka lodi. Nikawaambia sisi pia tulishika stori tukaipindua ikawa risto, ju kila mtaa unataka maneno yenye wazazi na polisi hawataskia haraka. Kufikia saa tisa balsa yote ilikuwa inaitana: "Anong risto, lodi?"

Sikuwa najua kuogelea. Umoja hakuna bahari, na dimbwi la kulipia halikuwa la kina sisi. Msee mmoja wa Bicol akaniweka mkono chini ya mgongo, maji ikanifika masikioni, akaniambia neno moja: "Hinga." Pumua. Nikasikia kifua kinapanda na mwili unapanda nacho. Sijui aliondoa mkono saa ngapi. Nilikuwa naangalia makuti ya balsa na mbingu, na nilikuwa naelea.

Giza lilitupata barabarani. Wengi walikuwa wamelala, chumvi imekauka kwa ngozi. Ate alikuwa mbele, amewasha taa ya simu, anahesabu chenye kilibaki kwa ambagan. Akagawanya mara kumi na mbili. Halafu akageuka akampea mwenye alikuwa nyuma yake, na huyo akampea mwingine, na waliokuwa wamelala wakaamshwa kidogo wapitishe. Mimi nilikuwa kiti cha mwisho. Peso arobaini na tano zilinifikia zikiwa na joto la mikono yao wote, na mchanga kidogo.

"Salamat po," nikasema.